Mabeseni ya Injini

Pikapu yetu ilinoki tukitoka Sigino, imebeba mahindi ya watu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na mume wangu ndiye aliyeshika usukani. Kwanza tulisikia kitu kinagonga chini, ko, ko, ko, mithili ya mdai aliyechoka kubisha hodi. Halafu ukaja moshi, halafu kimya. Mume wangu alishuka, akafungua boneti, akatazama, akafunga.

"Imekufa," akasema.

Huyo ndiye mume wangu. Mtu mwingine angetukana, angepiga tairi teke, angemlaani aliyemuuzia oili. Yeye neno moja, kisha anaegemea mlango. Kazi ya kupiga kelele nilibaki nayo mimi, na niliifanya vizuri, maana Mungu alinipa mdomo. Tulivutwa na trekta mpaka nyumbani Nangara, mimi nimepanda juu ya magunia, nawatazama watu wanaonitazama.

Sasa, gari hilo ndilo lililotulisha. Mimi nauza perege na kambale wa ziwani pale sokoni, biashara ya kuamka mapema na kurudi unanuka, lakini ada ya watoto na bati la nyumba vilitoka kwenye pikapu. Gereji walitutajia bei ya injini ya mtumba kutoka Dar. Mume wangu alicheka, na si kwa furaha.

Jioni ile ile mdogo wake akapiga simu kutoka machimboni, kule Simanjiro. Alisema kuna nafasi kwenye shimo lao, mtu mmoja ametoka, kaka aje haraka kabla haijachukuliwa. Mume wangu akamjibu kwamba atafikiria. Nilikuwa nasonga ugali, na mwiko ulinisimama mkononi.

Niseme ukweli, niliogopa. Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa machimbo, na mimi ndiye niliyemuuguza aliporudi. Vumbi la mawe lilikuwa limemjaa kifuani. Alikuwa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na kila pumzi ilipiga filimbi. Nilimwosha, nilimlisha uji kwa kijiko, na siku za mwisho nilikuwa namnyanyua peke yangu bila kuomba msaada, mwanaume mrefu yule. Wengine wakisikia machimbo wanasikia vito. Mimi nasikia kile kifua.

"Ukienda huko," nilimwambia mume wangu, "ukirudi utakuta nimeshafika kwetu Singida zamani."

"Sijasema naenda."

"Sema basi kwamba huendi!"

Akainama, akavua viatu. Nikarusha mwiko. Sikukusudia umpate na haukumpata, lakini aliuokota, akauosha, akautundika mahali pake. Kesho yake akaja na mpango.

Alikuwa amepata pikapu nyingine ya aina ya kwetu, iliyosombwa na maji korongoni wakati wa masika. Mwenyewe alishaikatia tamaa. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Injini yake ilikaa na maji ndani mpaka silinda zikashika kutu, lakini krenki, ule mhimili mzito unaozunguka tumboni mwa injini, ilikuwa haijaguswa. Yetu ilikuwa kinyume: silinda nzima, krenki imepasuka.

"Ni maiti mbili," alisema, "lakini kila moja imekufa kwa ugonjwa wake. Tunachukua uzima wa hii na uzima wa ile, tunafunga injini moja. Hapa hapa nyumbani."

"Nani atafunga?"

"Mimi."

"Wewe dereva!"

"Nimewaangalia mafundi miaka yote."

"Hata mimi nimeangalia ndege zikiruka," nikamwambia.

Akacheka, safari hii kweli. Halafu tukakubaliana hivi: mbaazi zikianza kukauka kule Sigino, kila mkulima atatafuta gari. Injini ikiwaka kabla ya hapo, kazi ipo, maisha yanaendelea. Isipowaka, basi. Hilo "basi" hakulieleza na mimi sikulichokonoa, nililijua. Kuanzia siku hiyo ile injini ikawa mke mwenzangu. Sikuipenda, lakini niliihudumia.

Akaniwekea na sharti moja: mama asijue habari za machimbo. Mama mkwe alikuwa anaishi nasi tangu afiwe na mumewe, na ana presha. Presha hiyo ndiyo iliyotufanya tumfiche kila kitu. Hata jogoo wake alipoliwa na mbwa tulimwambia amepotea, na bibi wa watu akawa anamwita jioni kwa jioni. Nikakubali. Nani anataka kuua mama wa mtu?

Basi ua wetu ukageuka gereji. Tulisimamisha mirunda mitatu, vichwa vimefungwa pamoja kwa mnyororo, tukaning'iniza chenibloku ya kuazima, na injini yetu ikapanda hewani inazunguka polepole huku mafuta yakidondoka. Ile nyingine ililetwa kwa mkokoteni. Zikakaa sambamba juu ya mbao, mume wangu katikati yao na spana, anafungua kitu kimoja kimoja. Kila alichofungua kilihitaji mahali pa kukaa, na mahali penyewe pakawa mabeseni yangu ya samaki.

"Bluu ni za kwetu, nzima," alinifundisha. "Jekundu ni za korongoni, nzima. Kijani ni mbovu, usizitupe lakini usizichanganye."

Nilipotoka sokoni nilikaa chini na mswaki mkuukuu na kopo la dizeli, nikawa naosha. Pistoni, ringi, bolti, na vile vifuniko vya chuma vinavyoibana krenki isiruke. Hivyo aliniambia ndivyo vya kuogopa kuliko vyote, kwa sababu kila kimoja kina mahali pake, na pa jirani hapakifai. Ukikosea, krenki inabana au inalegea, na injini inakufa tena siku ya kwanza. Niliviosha kama vyombo vya harusi. Sokoni wateja walianza kunusa perege na kuniuliza hawa nao wanatumia dizeli siku hizi? Nikawajibu ndiyo, ndiyo maana wanaogelea haraka.

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake karibu na ukuta, anachambua choroko, anatutazama. Si mtu wa maneno, na Kiswahili chake kina uzito wa lugha ya kwao, kila neno analiweka chini kwanza ndipo anachukua lingine. Mara moja tu ndiyo aliuliza.

"Itaisha lini?"

"Karibu, mama," mume wangu akamjibu. "Mungu akipenda, karibu sana."

Mama akatikisa kichwa, akarudi kwenye choroko zake.

Halafu jirani yetu akafiwa na mama yake. Jirani mwenyewe ni fundi wa matrekta, mtu wa watu, na yule bibi alikuwa ametulelea watoto nusu ya mtaa. Msiba ukitokea kwetu hakuna anayengoja kualikwa. Nyumba hii inatoa kuni, ile turubai, nyingine sufuria kubwa, na wanawake wanapita mlango kwa mlango kukusanya vyombo. Habari ilinikuta sokoni. Nikafunga biashara, nikajifunga khanga, nikaenda moja kwa moja msibani.

Nilipofika, kitu cha kwanza nilichokiona ni beseni la bluu. Limejaa mchele, na mikono ya wanawake wawili imo ndani.

Beseni la bluu! Nikatazama pembeni: jekundu lina nyama, kijani lina maji ya kuoshea vikombe. Sijui niliaga vipi. Nilikimbia nyumbani, mwanamke mzima, khanga inaning'inia, na pale uani nikakuta gunia limetandikwa na juu yake mlima wa vyuma. Vya kwetu na vya korongoni, vizima na vibovu, vyote pamoja. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda chake.

"Mama! Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Wamekuja kuomba mabeseni."

"Lakini kuna masafi ndani, chini ya kitanda! Mama, si uliyaweka mwenyewe jana?"

"Sikuyakumbuka," akasema, na hakunitazama.

Ningefanya nini? Mama mkwe hajibiwi. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaupa mgomba maneno ya Kinyaturu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Uzee, nikasema. Uzee umetumaliza.

Mume wangu alipokuja alisimama juu ya ule mlima wa vyuma, mikono kiunoni. Nilimngoja alipuke. Nilitaka alipuke, jamani, walau mara moja katika maisha yake. Aliinama, akachukua vifuniko viwili, akavipima mkononi, akavirudisha.

"Sawa, mama," akasema. "Msiba hausubiri."

Akageuka kwenda kuwapa pole wafiwa. Nikamfuata mpaka njiani.

"Ndiyo umemaliza? Hakuna zaidi ya hapo?"

"Unataka nimpige mama?" Akanionyesha viganja vitupu. "Nitavitambuaje mimi? Mimi dereva. Ulisema mwenyewe."

Sijawahi kulijutia neno kama hilo. Nikamwona anatoa simu mfukoni, anaitazama, anairudisha, na nikajua anamfikiria nani. Kule Sigino mbaazi zilikuwa zimeanza kubadilika rangi.

Mabeseni hayo wanawake waliyasugua kwa sabuni, wakasugua kwa majivu, wakasugua kwa mchanga, lakini dizeli ni dizeli. Wali ulipopakuliwa ulinukia barabara kuu. Watu walikula kwanza kwa adabu. Halafu mama mmoja wa makamo akashindwa kuvumilia, akauliza, "Jamani, huu wali umepikwa gereji gani?" Watu wote wakaangua kicheko, hata walioshika leso machoni. Mfiwa mwenyewe alicheka mpaka akafuta uso, akataka kujua dizeli imetoka wapi. Ndipo nikamweleza, nikidhani naeleza kichekesho, na katikati ya maelezo nikaanza kulia mimi, msibani kwake, kwa ajili ya injini. Aibu gani hiyo.

Wakati ule alinipa leso yake tu. Lakini baada ya mazishi, matanga yalipoanuliwa na turubai likakunjwa, alikuja kwetu akiwa na sanduku la spana na wenzake wawili.

"Mama yangu amezikwa kwa mabeseni yenu," alisema. "Vyuma viko wapi?"

Wakamwaga kila kitu juu ya turubai. Vya korongoni vilikuwa na wekundu wa kutu kwenye pembe na vya kwetu vilikuwa vyeusi kwa oili iliyoungua, na kwa hilo ingekuwa rahisi kuvitenga, lakini mimi nilikuwa nimeviosha vyote vikang'aa sawasawa. Laiti ningekuwa mvivu! Ikabidi vijaribiwe kimoja baada ya kingine. Wanafunga kifuniko, wanakaza, mume wangu anaizungusha krenki kwa mkono. Ikibana, wanafungua, wanaweka kingine. Walikuwa wanakuja jioni baada ya kazi zao, wakiondoka wanaacha alama ya chaki kwenye kila kilichopata kwao. Mimi nilikuwa nachemsha chai, nashika bolti, nakaripia. Jirani alisema sauti yangu inafaa kuwekwa kwenye gari badala ya honi.

Mama mkwe hakusogea kutusaidia hata kwa kikombe. Alihamisha kigoda akakaa upande wa pili wa nyumba, ametupa mgongo. Hilo liliniuma kuliko kumwagwa kwa vyuma.

"Mtu amevuruga, halafu ananuna yeye," nikamwambia mume wangu. "Hata pole?"

"Mwache," akasema. "Ni mama."

Injini moja ikapatikana, na tukaipandisha kwa mirunda ile ile, ikashuka taratibu kwenye pua ya gari huku wanaume wakisukumana na kuamrishana. Tulikuwa tumechelewa. Wakulima wa Sigino walishaanza kumpigia mume wangu simu, na mdogo wake naye hakuacha kupiga. Nilikuwa najua nani anapiga kwa namna mume wangu anavyosimama: akipiga mkulima anabaki pale pale, akipiga mdogo wake anatoka nje ya ua.

Siku ya kuwasha, jirani alileta betri ya trekta. Mara ya kwanza injini iliguna, haikushika. Wakatoa hewa kwenye njia ya dizeli. Mara ya pili ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza, na mimi nikafumba macho, nikaomba kwa maneno ambayo padri asingeyapenda. Mara ya tatu ikashika. Ilitetemeka, ikajikusanya, ikaanza kunguruma sawasawa, na jirani akaweka kiganja juu yake, akatulia kama anayempima mtoto homa, kisha akainua kidole gumba.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Nilicheza, mwili huu wote, mbele ya wanaume wa watu. Mume wangu alikuwa ameketi nyuma ya usukani anacheka meno yote nje, uso una masizi. Nikazunguka nyumba kumtafuta mama nimpe habari. Kigoda kilikuwa kitupu.

Nilimkuta chumbani kwake. Amekaa kitandani, mikono mapajani, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Mama, imewaka!"

"Nimesikia."

"Sasa mbona unalia?"

"Sasa anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kijinga.

"Kule kulikomla baba yake. Nilimsikia kwenye simu na mdogo wake, siku ile ile mlipoanza. Alimwambia, ngoja kwanza nimalize injini. Ngoja nimalize injini. Nikasema moyoni, basi isiishe." Akavuta pumzi. "Walipokuja wale wanawake kuomba mabeseni, nikamwaga. Masafi niliyakumbuka, mwanangu. Nilimwaga haya kwa kusudi langu."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale mlangoni. Mimi nilikuwa naosha vyuma ili asiende. Yeye alivimwaga ili asiende. Tumekula chungu kimoja, tumelala chini ya bati moja, kila mmoja anapigana na mwenzake kwa ajili ya jambo lile lile, na hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi ninayejisifia mdomo. Nilitaka kucheka na nikashindwa. Nilichoweza ni kumshika miguu.

"Mama, injini hii ndiyo ya kumbakiza. Ingekufa ndipo angekwenda."

"Nani aliniambia?" akauliza.

Hakuna. Hakuna aliyemwambia.

Nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo nadhani ilifika Babati mjini. Alikuja mbio, akidhani mama ameanguka, mikono imejaa grisi. Nikamweleza kila kitu, mbele ya mama, bila kupunguza. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Uani injini ilikuwa bado inanguruma, na jirani alikuwa anatuita tutoke tukaone ilivyotulia.

Mume wangu akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Siendi, mama."

"Sema tena."

"Siendi machimboni. Nitabeba mbaazi. Niko hapa."

Mama akamfuta masizi shavuni kwa ncha ya khanga. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuinuka, lakini akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Mwambie na huyu," akamwambia mwanawe. "Ukuta ni mwembamba. Nilikuwa namsikia akigeuka kitandani, nikawa najua tuko wawili tusiolala."

Mume wangu akageuka, bado amepiga magoti. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nimemgombeza, nimemkaba, nimemrushia vyombo nikitafuta jibu moja tu lililonyooka kutoka kinywani mwake. Sasa alikuwa ananitazama machoni.

"Siendi, mke wangu," akasema.

Na mimi, mwenye maneno yote haya, nikashika ncha ya khanga yangu, nikamfuta masizi ya shavu la pili.